Milango Mitatu ya Bata

4 Februari

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu akinikumbusha nikuulize kama unakula. Haya, unakula? Sisi wazima. Goti langu linanung'unika, lakini limenung'unika miaka na hakuna anayelisikiliza. Wasiwasi wetu uko kwako na hiyo baridi yenu.

Kigari cha mfano ulichonitumia kimefika bila mkwaruzo. Nilikijua hata kabla sijamaliza kufungua karatasi: ndicho kile chenye kiti cha nyuma kinachotazama kinyume, kilichoagizwa na mpiga picha aliyetaka kupiga picha za alikotoka wakati dereva anampeleka aendako. Gari lenyewe lilitengenezwa mara chache, kisha kiwanda kikafilisika, maana wapiga picha wenye fedha za gari ni wachache kama meno ya kuku. Jumamosi nilikwenda nacho kwa Kinyozi nikakisimulia, na Fundi Saa alicheka mpaka lenzi yake ikamtoka jichoni.

Unajua sheria ya chama chetu cha vigari pale. Kigari hakipandi rafuni mpaka mwenyewe asimame mbele ya vioo vya kinyozi aeleze historia ya gari lenyewe, kisha Kinyozi, kama mwenyekiti, aulize maswali yake mawili: nani alilitengeneza, na yalitengenezwa mangapi. Ukishindwa, kigari chako kinarudi mfukoni.

Sasa nikuambie kilichoniudhi. Baada ya kucheka wakaanza kunitania tena kuhusu Bata. Wewe unamjua Bata tangu hujaota meno: lile gari la Daktari lililokuja gereji kwetu nikalishonea viti vipya, lenye mlango mmoja mrefu upande wa dereva na milango miwili upande wa pili, kwa sababu ndugu wawili waliolitengeneza waliamini abiria hana haki ya kushukia upande wanakopita magari. Tulimwita Bata kwa jinsi alivyotikisa makalio akitembea. Kinyozi amefungua kile kitabu chake kinene cha magari, akakisoma mwanzo mpaka mwisho, akasema hakuna gari la milango mitatu isiyolingana. Tangu siku hiyo jina langu pale ni Mzee Milango Mitatu. Watu wanakuja kunyolewa wananisalimu hivyo hivyo, hata nisiowajua.

Na mimi nitathibitishaje? Gereji imevunjwa, Daktari hayupo, gari la wale ndugu wawili hakuna aliyewahi kulitengenezea kigari. Picha pekee ni ile ya mama yako amesimama mbele ya Bata, ambayo ulikwenda nayo wewe, na sitaki uirudishe kwa posta ikapotea. Tena inaonyesha upande mmoja tu. Upande mmoja hauthibitishi upande wa pili.

Ningekuwa nasingiziwa jambo jingine ningenyamaza. Lakini kwa Bata ndiko nilikokutana na mama yako. Nilikuwa ndani, kiti cha nyuma, sindano mdomoni. Yeye katumwa na Daktari kuchukua mkoba uliosahauliwa nyuma. Akasimama upande wa dereva akipapasa bati, anatafuta mlango usiokuwepo. Nikacheka. Akanikazia macho kupitia kioo: "Wewe umefungiwa humo, au umejifungia?" Nami neno la kwanza kumwambia maishani likawa, "Zunguka." Watu wanaosema Bata hakuwepo wanasema na hayo hayakuwepo.

Basi, nisikuchoshe. Vaa soksi mbili.

Baba yako


30 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mwambie mama ninakula, na soksi ninavaa. Goti hilo lipeleke kwa mtu atakayelisikiliza, tafadhali. Huku baridi inaanza kulegea na kazi ni nyingi. Inaonekana kila mtu mjini hapa ameamua kung'oa meno msimu huu, na sisi wa maabara tunayatengeneza mapya mpaka nayaota. Samahani kwa mwandiko, nimeungua kidole kwa nta.

Niliisoma barua yako kwenye benchi la kazi, na nilimkasirikia Kinyozi mpaka mwenzangu akauliza nani amekufa. Mtu anaweza kukosea gari, lakini hawezi kusahau alivyokutana na mkewe.

Sasa sikiliza. Kuna duka la vitu vya zamani nyuma ya kituo cha mabasi, nilishakuambia, lile la mzee anayelala juu ya kaunta. Nilipita pale nikakuta kitu. Sitakuambia ni nini. Kimo ndani ya kifurushi hiki, kimefungwa kwa pamba nyingi, kifungue taratibu. Mwenye duka hajui kimetoka wapi wala ni cha nani.

Ukikifungua, mama awe karibu. Halafu niandikie upesi.

Mwanao


21 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, na tena marahaba. Sisi wazima, ingawa kwa upande wangu sina hakika, utaona kwa nini.

Nilifungua kifurushi mezani, mama yako akichambua mchele. Nilitoa pamba, nikaona makalio tu. Makalio tu! Nikasema, "Bata." Mama yako akadhani namwita mtu mlangoni. Mwanangu, sikufichi, nililia. Bodi ile, mgongo ule ulioinuka, zile taa zilizokaa karibu karibu kama macho ya mtu mbea. Nilikizungusha mkononi nikahesabu: upande huu mmoja, upande huu miwili. Mitatu! Nilitaka kukimbilia kwa Kinyozi na kandambili.

Kisha nikatulia, nikakitazama vizuri, na ndipo nilipochanganyikiwa.

La kwanza: viti. Bata alitoka kiwandani na viti vyeusi. Mimi ndiye niliyemvisha ngozi nyekundu iliyopauka, kwa sababu Daktari aliipenda na hakuna mwingine aliyeitaka. Ni gereji yetu tu duniani iliyomwona Bata na viti vya rangi hiyo. Kigari hiki kina viti vya rangi hiyo. Hata mishono ipo, tena mishono yangu ya kulala, si ya kusimama. Mtengeneza vigari wa ng'ambo aliijuaje mishono yangu?

La pili: usukani uko kushoto, na milango miwili iko kulia. Bata wetu alikuwa na usukani kulia na milango miwili kushoto. Au sivyo?

Nilijiambia, labda walitengeneza mengine kwa nchi zinazoendesha upande wa pili. Sawa. Lakini hayo mengine yangekuwa na viti vyeusi. Na hili lenye viti vyangu lingekuwa na usukani kulia. Kigari hiki kinajua jambo ambalo ni nyumba hii tu inayolijua, halafu hakijui jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho angeliona. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Jumamosi nilikipeleka hata hivyo. Kinyozi alivaa miwani, akakigeuza tumbo juu: hakuna jina, hakuna mhuri. Akauliza nani alilitengeneza. Nikasema ndugu wawili. Akasema, "Hilo ni gari. Kigari je?" Sikujua. Fundi Saa akauliza, kwa upole tu, usukani ulikuwa upande gani. Nikafungua mdomo kujibu, nikakitazama kigari, nikaufunga. Kilirudi mfukoni.

Mwamshe huyo mzee wa kaunta umuulize ni nani aliyemuuzia.

Baba yako


12 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Mimi mzima. Kidole kimepona.

Nimefurahi kwamba ulimtambua kwa makalio. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi.

Kuhusu hayo mengine, Baba, usijisumbue. Mwenye duka hajui lolote, nimeshamuuliza. Labda mtengenezaji alipata habari kwa mtu aliyekuwa anafahamiana na Daktari. Labda Daktari mwenyewe aliwahi kumwonyesha mtu picha. Vitu vinasafiri kwa njia za ajabu.

Lakini la usukani na milango nimelitazama mwenyewe, kwa sababu ulinitia wasiwasi. Picha ya mama na Bata ninayo hapa mezani. Gari limegeuza pua kulia kwangu. Mama yuko mbele ya tairi la mbele, anacheka, na nyuma yake naona vishikio viwili vya milango, wazi kabisa. Huo ni ubavu wa kulia, Baba. Usukani unaonekana kwa mbali ndani, ng'ambo, yaani kushoto. Kigari kiko sawasawa na picha.

Usikasirike nikisema hivi. Ni zamani sana, na magari yaliyopita mikononi mwako ni mengi. Kuchanganya upande si dhambi. Lakini kama kuna mambo mengine madogo madogo unayachanganya siku hizi, mwambie mama, na mwende pamoja mkamwone daktari, angalau akupime tu. Ninasema kwa mapenzi.

Mwanao


2 Juni

Binti yangu,

Salamu. Sisi hatujambo.

Nimeisoma barua yako na nimeielewa. Picha haina sababu ya kunidanganya, wala wewe huna. Basi aliyekosea ni mimi.

Ila sasa nataka unisaidie kufikiri, maana mimi peke yangu nazunguka palepale. Gereji yetu ilikuwa na nafasi moja ya magari ya wakubwa, na Bata aliingizwa hapo pua ikielekea ukutani. Kulia kwake ni geti. Kushoto kwake ni benchi langu. Mama yako aliingia kwa geti, kwa hiyo alifika ubavu wa kulia. Kama milango miwili ilikuwa kulia, angekuta mlango wa nyuma mbele ya pua yake, angefungua, angechukua mkoba, angesema samahani, angeondoka. Asingepapasa bati. Nisingecheka. Nisingesema "Zunguka", maana angezunguka kwenda wapi?

Basi tulikutanaje?

Nilimuuliza mama yako alikuwa amesimama upande gani. Akasema, "Mimi nakumbuka hasira. Hasira haina kulia wala kushoto." Nikamuuliza kama kweli nilimwambia zunguka. Akasema, "Wewe ndiye unayesimulia kila mwaka. Mimi nimekuwa nikiitikia." Sijui kama anakumbuka jambo lenyewe au anakumbuka masimulizi yangu. Yeye naye hajui. Tulikaa tukatazamana kama wageni kwenye foleni.

Tangu hapo namuuliza kila kitu. Kama nilifunga mlango. Kama lile kabati tulinunua au tulipewa. Jana nilishika sindano nishone mto wa kiti cha jirani, nikasimama kujiuliza kama mshono wangu ni wa kulala au wa kusimama. Mkono ulikuwa unajua, lakini sikuuamini.

Nimemwambia Kinyozi aje achukue vigari vyote mwisho wa baridi. Mtu wa kusimulia historia za magari ni yule ambaye angalau anaiamini ya kwake. Hakunitania. Nilitamani anitanie.

Kwa daktari tutakwenda, usijali.

Baba yako

Mama anasema niandike hivi, neno kwa neno: "Baba yako haumwi. Anakula kuliko mimi. Lakini amekuwa mpole, na mimi upole huo siupendi."


9 Julai

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mama hajambo? Hamjaniandikia tena, na simu ya jirani inalia tu bila kupokewa.

Nakuomba usimpe Kinyozi vigari. Ningojee kidogo. Kuna jambo nataka kukuambia kuhusu hicho cha mwisho, nimeanza kuliandika mara kadhaa na kila nikianza naona nitakuongezea mkanganyiko badala ya kukupunguzia. Na mimi mwenyewe sielewi. Ninakujua. Hujawahi kukosea upande wa kitu chochote ulichokishika.

Daktari amesema nini? Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao


18 Agosti

Binti yangu,

Salamu, na samahani kwa ukimya. Sikuwa na la kusema ambalo nilikuwa na hakika nalo. Daktari wa hospitali amenigonga magoti, akaniuliza tarehe, akanifanya nihesabu kurudi nyuma, akasema nina kichwa cha kijana na goti la babu yake. Nilimshukuru lakini sikumwamini. Hakunipima kuhusu Bata.

Leo nakuandikia kwa sababu nimemjua mtengeneza kigari.

Vigari vyote vimo kwenye maboksi ukumbini. Bata peke yake nilimbakiza mezani, sijui kwa nini. Mchana huu mama yako alikuwa anakula karanga, na akila karanga anatoa lile jino la bandia ulilomtengenezea kabla hujaondoka, anasema zinaingia chini yake. Akaliweka kwenye sahani kando ya Bata. Nikatazama ufizi wa lile jino. Nikatazama viti. Ukiweka karibu na dirisha, ndani ya ule ufizi wa bandia kuna vijinyuzi vyekundu, vyembamba, kama mishipa ya damu. Ndani ya viti vya Bata mna vijinyuzi vilevile. Nilikuwa nimeviona siku ya kwanza nikadhani ni rangi imetiririka.

Mwanangu, umemkalisha Daktari wa watu kwenye ufizi!

Nilikasirika kwanza. Chai ilipoa mbele yangu nikiwa nimekasirika. Nilifikiri umenidanganya kama mtoto anayepewa pipi anyamaze, na mimi nikasimama mbele ya Kinyozi na pipi hiyo. Kisha nikakumbuka kidole ulichounguza kwa nta. Nikakitazama tena kigari, vishikio vile vidogo, nikafikiria macho yako, na mishono yangu ya kulala uliyokuwa ukiihesabu kwa kidole ulipokuwa mdogo ukikaa chini ya benchi langu. Hasira ikaniishia, sikuona ilikokwenda.

Lakini usidhani sasa yamenyooka. Yamezidi kupinda. Kwanza nilikuwa nashindana na fundi nisiyemjua. Sasa najua ni wewe, na wewe ulitazama picha, na picha inasema kulia. Viti ulivijua kwa kunisikia, milango uliijua kwa kuiona. Kwa hiyo bado ni mimi niliyekosea, na bado sijui nilikutanaje na mama yako.

Kinyozi atakuja kwa maboksi wiki ya pili ya Septemba. Bata hatachukuliwa, huyo nabaki naye hata akiwa kombo.

Baba yako


19 Agosti

Baba, Baba yangu,

Shikamoo. Leo sina subira ya salamu, utanisamehe.

Kigari nilikitengeneza mimi. Hakuna mzee wa duka. Nilikichonga kwa nta kwenye benchi letu, nikakimimina kwenye kalibu kwa vifaa vya kutengenezea meno ya bandia, na viti nilivifanya kwa ufizi wa bandia kwa sababu ndiyo rangi iliyokaribia ngozi uliyonisimulia. Nilitaka tu wakuamini. Nilidhani ukipata kitu cha kushika mkononi, Kinyozi atanyamaza. Badala yake nimekunyamazisha wewe. Nimeona aibu mpaka nimeshindwa kula, na hilo usimwambie mama.

Sasa sikiliza hili, ndilo kubwa.

Leo kazini nilikuwa namwonyesha mwenzangu picha ya mama na Bata. Yeye, kama sisi sote wa kazi hii, hakutazama gari, alitazama meno. Akasema, "Mama yako ana pengo la chonge la juu, kushoto." Nikamwambia hapana, kulia. Akasema tazama. Nikatazama. Baba, katika picha pengo la mama liko kushoto.

Mimi ndiye niliyemtengenezea mama jino hilo! Nilipima mdomo wake kwa mikono yangu. Nakala ya taya lake ya plasta ninayo kwenye rafu yangu hapa, nilikuja nayo kama wengine wanavyokuja na udongo wa kwao. Niliishusha nikaiweka kando ya picha. Pengo la mama liko kulia. Limekuwa kulia tangu alipoanguka utotoni.

Picha imegeuzwa, Baba. Mpiga picha aliiweka filamu kinyume alipokuwa anaisafisha, na kila kilichokuwa kulia kikaenda kushoto. Hakuna maandishi kwenye picha ya kutuonya, na mimi ninaishi ambako usukani wote uko kushoto, kwa hiyo haikunishtua hata kidogo. Nimeikodolea macho picha hiyo miaka yote hii nikiwa mbali nanyi na sikuona kwamba mama anacheka kwa upande usio wake.

Milango miwili ilikuwa kushoto. Usukani ulikuwa kulia. Mama alikuja kwa geti, akapapasa bati, ukacheka, ukamwambia azunguke. Hujakosea hata kitu kimoja. Nilikuambia uende kupimwa, na ni mimi ambaye sikujua kutazama.

Usimpe Kinyozi vigari. Nitatengeneza Bata mwingine, sahihi. Nisamehe.

Mwanao


15 Septemba

Binti yangu mpendwa,

Salamu tele. Sisi wazima, na safari hii naandika "wazima" bila kumuuliza mama yako kwanza.

Barua yako na yangu zimepishana njiani, kama watu wawili wanaotafutana sokoni. Yako ilifika asubuhi ileile ambayo Kinyozi alikuja na mkokoteni kuchukua maboksi. Nilimwacha amesimama mlangoni, nikasoma. Nikasoma tena. Nikamwita mama yako nikamwambia, "Fungua mdomo." Akaniambia nimerukwa na akili. Nikamwomba, akatoa jino la bandia, akafungua. Pengo liko kulia! Nimelala kando ya pengo hilo maisha yangu yote, na jibu lilikuwa hapo likinikoromea.

Nililia mbele ya Kinyozi, na wala sijali. Alirudisha mkokoteni mtupu.

Jumamosi nilikwenda, na mama yako akasema anakuja. Hajawahi kukanyaga pale. Unajua anavyoviita vigari vyangu, watoto wa bati. Alivaa vizuri, akakaa kwenye kiti cha kunyolea kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa wazi. Nikasimama nikasimulia yote: ndugu wawili, Daktari, ngozi, picha iliyogeuzwa, nta, ufizi. Fundi Saa aliomba kuvishika viti, kisha akafuta kidole kwenye suruali.

Kisha nikafanya jambo ambalo lilinijia palepale. Nilikiweka kigari juu ya kaunta, nikakisogeza mpaka karibu na kioo kikubwa, nikawaambia wasitazame kigari, watazame ndani ya kioo. Mwanangu, Bata alikuwa humo. Usukani kulia, milango miwili kushoto, kama alivyotoka kwangu siku ile. Nilikigeuza taratibu waone upande wa dereva, ule wenye mlango mmoja na bati tupu.

Mama yako akainuka kitini. Akainama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaupangusa kwa kiganja. Akaweka kidole kwenye kioo, nyuma ya ule mlango mmoja, akasema, "Hapa. Nilishika hapa, bati lilikuwa la moto kwa jua, nikaungua." Mimi hilo la kuungua sijawahi kulisimulia. Sikulijua. Hakulipata kwangu.

Kinyozi akauliza maswali yake mawili, kwa sauti ya mwenyekiti. Nani alilitengeneza? Nikasema, binti yangu. Yametengenezwa mangapi? Nikasema, moja. Akafungua kitabu chake kinene, akakifunga, akasema, "Kitabuni hayumo, lakini rafuni apande." Na akapanda.

Kwa hiyo usinitengenezee mwingine. Wa sahihi ninamjua, nilimshonea viti. Huyu wa kombo ndiye sikuwa naye. Amekaa kwenye rafu ya Kinyozi, ubavu kwa kioo, na kila anayenyolewa anamwona pande zote. Bado wananiita Mzee Milango Mitatu. Nimeanza kuitika.

Umesamehewa. Kula.

Baba yako

Mama anasema niandike hivi, neno kwa neno, na hataki nirekebishe: "Lile jino linacheza. Karanga zinaingia. Baba yako anasema nipimwe upya uso kwa uso, na mimi sitaki plasta, sitaki picha, na kwa posta usitume. Ukifika usigonge mlango wa mbele, kitasa kimekwama. Zunguka."